Tarehe Iko Mkononi mwa Nani?

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho: meli ya kitalii. Sisemi feri, wala mashua za wavuvi wa Sio Port. Nasema jengo la ghorofa kumi na zaidi linaloelea, lenye vyumba vya kulala, bwawa la kuogelea, ukumbi wa muziki, kliniki, maduka, na jikoni isiyozimwa moto. Watu hulipa pesa wakae ndani yake wiki moja, wiki mbili, wengine miezi. Msimu wa Novemba mpaka Machi baadhi ya meli hizo hutia nanga Mombasa na Zanzibar. Pale Mombasa abiria hushuka asubuhi, hutembezwa Fort Jesus au hupelekwa Tsavo kuangalia ndovu, kisha hurudi ndani, na meli inaondoka nao kwenda bandari nyingine.

Najua unajiuliza hayo yanatuhusu nini. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Busia, na wiki nyingine niko Malaba au Tororo. Bahari yetu ni foleni ya malori. Lakini nina binamu aliyetandika vitanda miaka minne katika meli moja ya aina hiyo. Mwaka jana alikuja kwa matanga, akakaa nasi siku tatu akisimulia, na yale aliyosimulia yamekataa kunitoka kichwani. Sababu ni kwamba kila alipoeleza jambo, mimi tayari nilikuwa nalijua. Nililijua kutoka Mulanda na Kiryandongo.

Sikiliza. Ukifika unapigwa picha, unapewa kadi. Kuanzia hapo kadi ndiyo wewe: inafungua mlango, inapigwa kwenye mashine ukitoka na ukirudi, na jioni wanajua nani yuko ndani na nani hayuko. Kabla ya safari kuanza unaonyeshwa mahali pa kukusanyika hatari ikitokea, na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha. Chakula kina saa zake, na kule kwenye bafe watu hupanga foleni na sahani mkononi. Usiku karatasi inapenyezwa mlangoni: kesho saa tatu mazoezi ya viungo, saa nne kuchora, saa kumi mashindano ya maswali. Kuna vijana walioajiriwa, na kazi yao ni kuhakikisha abiria hawaboeki. Nikamwambia, kaka, huyo ni mimi. Akacheka mpaka akakohoa.

Abiria hapiki, hafui, hachoti maji. Hana neno juu ya meli inaelekea wapi. Ataamkia pale nahodha alipoamua. Analishwa, anapangiwa, anahesabiwa. Na hayo si ndiyo maneno yetu tukilalamika? Kuna mzee mmoja tuliyekaa jirani naye Kiryandongo, mkulima aliyeacha ng'ombe upande wa Kenya, alikuwa akisema, "Nimefanywa mtoto." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Sasa huku kuna mtu ametoa akiba ya miaka ili afanywe mtoto kwa siku kumi, na akirudi kwao anawaambia majirani kwamba safari hii alipumzika kweli.

Swali langu ni hilo. Kitu kilekile kinawezaje kuwa raha kwa huyu na aibu kwa yule?

Jibu la haraka ni chakula. Wao wanakula kamba wa baharini, sisi posho na maharage. Silidharau jibu hili. Mgao ulivyopungua miaka hii, hakuna msomaji wa kambini anayehitaji kuelezwa kwamba tumbo lina haki ya kusema kwanza. Lakini halitoshi, manake kuna mara moja dunia ilifanya jaribio: chakula kiliachwa vilevile na kitu kingine kikaondolewa.

Ilikuwa Februari 2020. Meli iitwayo Westerdam iliondoka Hong Kong tarehe 1 ikiwa na abiria 1,455 na wafanyakazi 802. Ilikuwa imepangiwa kumaliza safari Yokohama. Kwa hofu ya korona, ikakataliwa Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand. Sehemu tano. Ndani hakuna kilichopungua: bafe ilikuwepo, muziki ulikuwepo, intaneti ikafanywa ya bure, na kampuni ikaahidi kurudisha nauli yote. Yaani watu wale waliendelea kuishi likizo ileile, tena sasa bila malipo! Kwa hesabu ya tumbo na mfuko, walipaswa kufurahi zaidi. Haikuwa hivyo. Kila tangazo la nahodha lilikuwa la kushikilia pumzi. Tarehe 13 Kambodia ikawakubali katika bandari ya Sihanoukville, na kesho yake Waziri Mkuu Hun Sen mwenyewe alikwenda kuwapokea kwa maua.

Nikisoma habari hiyo simu ilikuwa inazima chaji, nikaenda kwa jirani kuomba umeme nimalizie. Nilitaka kujua walikosa nini hasa katika siku zile kumi na mbili. Nadhani walikosa tarehe. Jioni ya Januari walijua Februari 15 wako Yokohama, baada ya hapo ndege, baada ya hapo nyumbani, mbwa, bustani. Jioni ya Februari 8 hawakujua. Sahani ilikuwa ileile, kitanda kilekile, na bado likizo ilikuwa imeisha na kitu kingine kimeanza. Hicho kingine sisi tuna jina lake, tunaita kusubiri.

Mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu ninayemheshimu, nilipomweleza hili aliniambia nimeruka jambo kubwa: hiari. Mtalii alichagua, mkimbizi hakuchagua. Ni hoja nzuri. Lakini hebu tuitazame kwa mfano wa meli nyingine. Mei 13, 1939, meli ya St. Louis iliondoka Hamburg, Ujerumani, kwenda Havana, Kuba, ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi waliokuwa wakiukimbia utawala wa Hitler. Ilikuwa meli ya fahari. Nahodha Gustav Schröder aliwaamuru wafanyakazi wake wawatendee abiria hao kama abiria wengine wowote. Kulikuwa na dansi, kulikuwa na bwawa la watoto kuogelea. Walilipa tiketi kwa pesa zao. Je, walikuwa watalii au wakimbizi? Sitahani huwezi kutofautisha. Mtoto anayeogelea anaogelea tu.

Kuba ikawashusha watu wasiofika 30. Marekani ikakataa, waliziona taa za Miami kwa macho, wakapitishwa. Kanada nayo ikakataa. Meli ikarudi Ulaya, abiria wakagawanywa kati ya Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, na vita vilipofika huko, 254 kati yao waliuawa. Meli ya raha iligeuka ikawa nini, mimi sina neno lake. Ninachosema ni kwamba walichagua kupanda, na kuchagua hakukuwalinda. Hiari ya mwanzo wa safari haikai mfukoni kama noti. Inaisha.

Kwa hiyo ni tarehe? Hapo nilifikiri nimemaliza, mpaka binamu aliponitajia meli iitwayo The World. Iko baharini tangu 2002, na ndani yake watu wamenunua nyumba, nyumba kabisa, karibu 165, wanazunguka nayo dunia mwaka hadi mwaka. Wale hawana tarehe ya mwisho. Mbona hawalii?

Ni kwa sababu kesho wakitaka watashuka. Tarehe yao haijaandikwa, lakini kalamu wanayo wao. Basi nikarekebisha: jambo si kuwa na tarehe, jambo ni tarehe iko mkononi mwa nani. Mtalii amejikabidhi kwa nahodha kwa siku kumi kwa sababu siku ya kumi na moja ni yake. Kufanywa mtoto ni kutamu ukijua saa utakayorudi kuwa mtu mzima. Mzee wangu wa Kiryandongo hakuwa na siku ya kumi na moja. Alikuwa na "subirini taarifa".

Ukitaka kuona hili vizuri zaidi, usiwatazame abiria, tazama wale wanaowahudumia. Katika Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama Februari hiyohiyo ya 2020, walikuwemo watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani, wenye vyumba visivyo na dirisha wakitolewa sitahani kwa zamu kuvuta hewa. Aliyekaa na mgonjwa chumbani, hesabu ya siku zake ilianza upya. Watu 712 waliambukizwa. Lakini wafanyakazi, zaidi ya 1,000, hawakuwa na nafasi hata ya kufungiwa. Walipika, wakabeba sahani mlango hadi mlango, wakalala kwa kubanana na kula pamoja kule chini. Na abiria wa dunia nzima walipokwisha kurudi makwao, mabaharia wa meli za kila aina walibaki. Mwisho wa 2020 ilikadiriwa kuwa takriban 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba imeisha, nchi zimefunga milango. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Mkataba uliisha Aprili, akakanyaga ardhi Septemba. Anasema alipewa mpaka chumba cha abiria chenye dirisha, mashuka meupe, televisheni. Alilala humo miezi miwili. "Sijawahi kulala vizuri hivyo," akasema, "na sijawahi kuchukia kitanda hivyo."

Sisi wa hapa tuliona ya kwetu mwezi wa Mei mwaka huo. Madereva wa malori walikwama Malaba wakingoja majibu ya vipimo, foleni ikarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya. Walilala chini ya trela, wakaoga kwa vibuyu vya maji waliyonunua. Nao walikuwa wazoefu wa barabara, watu ambao kulala kwenye lori ni kazi yao ya kila wiki. Kitanda hakikubadilika. Kilichobadilika, hakuna aliyeweza kuwaambia ni lini.

Kuna methali tunaitumia vibaya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipokuwa mtoto niliichukia. Tulivuka Malaba Januari 2008 na mama, na ukiwa mgeni kila methali ya wageni unahisi imetungwa kukusema wewe. Mulanda tulikaa mahemani, na mama aliuliza kila aliyekuja na daftari: lini? Tulipohamishiwa Kiryandongo akapewa kipande cha ardhi. Kilikuwa kidogo, na waliokuja baadaye walipata kidogo zaidi, sitaki kupaka rangi. Lakini alipanda mahindi, na nikagundua kitu: aliacha kuuliza lini. Mahindi yana lini yake. Alijua mwezi wa kupalilia, mwezi wa kuvuna, na hakuna ofisi iliyoweza kumsogezea. Siku hizi nadhani mwenye methali hakuwa anamfukuza mgeni. Alikuwa anamrudishia kalenda yake.

Mtalii wa meli hapewi jembe kamwe, na halihitaji. Bandari zote zinamfungulia kwa sababu zinajua jioni ataondoka. Huo tunauita ukarimu, lakini kwa maoni yangu ni biashara yenye tabasamu, na Westerdam iliponukia uwezekano wa kubaki, tabasamu likaisha bandari tano mfululizo. Kambodia siipi utakatifu, siasa ilikuwemo kwenye maua yale. Ila milango ilifunguliwa siku ambayo haikuwa rahisi, na hilo linahesabika.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana inanikereketa. Mimi ni yule kijana wa melini mwenye karatasi ya shughuli. Jumatatu mpira, Jumatano maigizo, Ijumaa kikao cha stadi za maisha. Vijana wanafurahi, nami napenda kazi hii. Lakini mchezo unaochezwa ili mtu asiulize "lini" ni mchezo wa aina gani? Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mara nyingi mnajua tarehe ambazo sisi hatujui: mgao utapunguzwa mwezi gani, mradi unafungwa lini, mahojiano yamesogezwa mpaka lini. Mnanyamaza kwa huruma, naelewa, hamtaki kuvunja watu moyo. Nahodha wa Westerdam alitangaza hata alipokuwa hana la kutangaza.

Mradi wetu unaishia Juni 30. Niliiandika juu ya ubao, pembeni kushoto, wino mwekundu, na mwenzangu mmoja akaniomba niifute kwa sababu inawatisha watoto. Sijaifuta. Wavulana wawili wameacha kuja mpira, wanasema hakuna faida. Wasichana watatu wamechanga pesa, wametafuta cherehani ya mkono wa pili huko Tororo, na wananiuliza kila siku kama fundi anaweza kuwafundisha kupiga zipu kabla ya Juni.