Je, Maoni Yote Yafuatwe?

Leo tufikiri pamoja swali moja: mtu akiitazama kazi yako akakwambia ina kasoro, ana haki gani juu ya kazi hiyo? Nauliza kwa sababu wanafunzi fulani wa chuo, wanakwaya wa parokia ninakosaidia, wanatengeneza video ya wimbo kama mradi wao wa masomo, na juzi nusura kikundi kivunjike kisa maoni.

Aristotle, katika kitabu cha 3 cha *Siasa*, ana hoja ambayo mafundi hawaipendi: nyumba huijua zaidi anayeishi ndani kuliko aliyeijenga, na karamu huihukumu mgeni kuliko mpishi. Kiukweli hata video ni hivyo. Wewe uliyeihariri usiku kucha umeiona mara nyingi mno, jicho lako linaziba mapengo lenyewe. Unajua kwa nini yule binti anakimbilia stendi, maana ni wewe uliyemwandikia. Mtazamaji akisema "sijaelewa anaenda wapi", usianze kumweleza. Video ikishatoka hutakuwepo kwenye kila sebule kueleza.

Lakini mgeni anayesema mchuzi umezidi chumvi hajawa mpishi kwa kusema hivyo. Ametoa ushahidi wa ulimi wake tu. Dawa ni jambo lingine. Hapo ndipo wenzetu walipokwama. Mmoja wa walioonyeshwa rasimu aliandika: "Dada anayetembelea magongo mtoeni mstari wa mbele, anaharibu hatua." Wengine wakasema huyu ni mkatili, maoni yake yatupwe. Wengine wakajibu, jamani, kasema kweli, na mradi huu una alama.

Naona pande zote mbili zilichanganya mambo. Hatua kweli hazikuwa pamoja. Tuliitazama bila sauti, ikaonekana wazi. Kuutupa ushahidi huo kwa sababu aliyeutoa hana adabu ni kujidanganya. Ila "mtoeni" ni hukumu juu ya mtu, na hakuna alama ya chuo inayoweza kulipia hiyo. Isitoshe, hatua zenyewe zilitungwa kwa ajili ya wenye miguu mizima, na yeye hakuna aliyemuuliza.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake, anamtaka abati aite ndugu wote kwenye shauri zito, hata wadogo, kwani Mungu aweza kusema kupitia kwao. Kisha abati mwenyewe ndiye anayeamua. (Wanafunzi wa falsafa tunapenda nusu ya kwanza. Ya pili tunairuka.)

Basi wakamuuliza dada mwenyewe. Akasema kwenye kiitikio mikono na kichwa vinatosha, kamera ikae usawa wa kifua, miguu isubiri ubeti wa mwisho. Jumamosi wameshuti upya. Walipoonyesha rasimu ya pili hawakuuliza "mmeipenda?", swali linaloomba sifa. Waliuliza "ulichoka wapi?" Watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakataja sehemu ileile: gitaa la katikati, sekunde 20 nzima. Mpiga gitaa amenuna. Mwongozaji amesema ataitazama tena peke yake, na mpaka naandika haya hajaamua.