Pumzi ni ya Mungu, pampu ni ya nani?

Ifikapo Agosti, Bariadi, mkoani Simiyu, hubadilika rangi. Mvua zimekwisha siku nyingi, pamba imevunwa, malori yanapishana kuelekea viwanda vya kuchambulia, na vumbi lao linabaki hewani hata baada ya jua kuzama. Kisha mashamba huwashwa moto. Kanuni za kilimo cha pamba zinamtaka mkulima ang'oe miti ya pamba na kuichoma ifikapo katikati ya Septemba, ili wadudu wakose pa kujificha hadi msimu mpya. Mwenye pumu anaijua miezi hii bila kutazama kalenda. Saa tisa usiku kifua kinambana, kinapiga filimbi, naye anakaa kitandani ameinamia magoti, anavuta hewa kama avutaye ndoo nzito kisimani.

Tuseme kunapambazuka Jumapili. Mtu huyo anakwenda ibadani, anawekewa mikono, anaombewa. Kifua kinalegea. Anasimama mbele ya watu na kutoa ushuhuda, watu wanapiga vigelegele. Akirudi kitini na pampu yake ya kuvuta dawa mkononi, jirani anamnong'oneza: "Mayu, sasa hiyo pampu ya nini tena?"

Swali la jirani lisichekwe. Ni swali la kale lililovaa nguo mpya: kama Mungu ameponya, kuvuta dawa kesho yake asubuhi si kumwambia kwamba humwamini? Nalo lina pacha wake msikitini, kila Ramadhani: aliyevuta pampu adhuhuri, funga yake ingalipo?

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walilijibu swali la jirani kwa nauli zao. Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mizizi ya mugariga, na kijiji chake cha Samunge, Loliondo, kikawa mji wa magari na mahema. Simiyu ya leo, ambayo wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, iko upande wa pili tu wa Serengeti. Kikombe kimoja, shilingi 500. Orodha ya maradhi aliyosema yanatibika ilikuwa na Ukimwi, kisukari, saratani, shinikizo la damu, na pumu. Mawaziri walikunywa, mama ntilie walikunywa, foleni ya magari ikahesabiwa kwa kilometa. Babu wa Loliondo, kama Masapila alivyoitwa, alifariki Julai 2021, na kikombe chake kilikuwa kimeshasahaulika zamani.

Kwa mwenye kisukari, kipimo cha damu kilisema ukweli upesi. Kwa waliokuwa na virusi vya Ukimwi na wakaacha dawa zao, ukweli ulikuja kwa ukatili zaidi. Pumu ina hila nyingine. Njia za hewa hubana na kulegea, na kati ya shambulio na shambulio zinaweza kupita wiki, hata miezi, mtu akilima na kucheza ngoma kama wenzake. Chochote alichokunywa au kuombewa katika nafasi hiyo hupewa sifa. Ni vigumu kupata ugonjwa unaotoa ushuhuda wa uongo kirahisi kuliko huu, na anayeshuhudia hadanganyi hata kidogo: kweli anapumua vizuri. Kilicho ndani ndicho hakijashuhudia. Kuta za njia za hewa bado zimevimba, zinangoja moshi wa kwanza.

Wahubiri wanaopinga dawa wana mfalme wao, Asa, ambaye Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati kinamlaumu kwa kuwatafuta waganga alipougua miguu bila kumtafuta Bwana. Ukisoma vizuri, lawama iko kwenye kutomtafuta Mungu. Dawa yenyewe haijashtakiwa. Lakini kuna mfalme mwingine ambaye hatajwi mara nyingi kwenye mikutano ya uponyaji. Hezekia aliugua hadi kukaribia kufa, akalia, na nabii Isaya akamletea habari kwamba ameongezewa miaka 15. Ahadi imeshatoka kinywani mwa nabii. Ndipo Isaya huyohuyo akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Ahadi ilitangulia, dawa ikafuata, wala hakuna aliyemwambia mfalme kwamba tini zimetia doa imani yake.

Aliyelitafuna jambo hili kuliko wengi ni Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, tabibu wa jumba la akina Sultani Salahuddin. Aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima kuhusu pumu kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa tabaka la juu, akamzungumzia hewa, chakula na usingizi, na akamweleza wazi kwamba hana muujiza wa kumpa. Mahali pengine, akifafanua Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi, alikutana na simulizi kwamba Hezekia alikificha kitabu cha dawa kwa sababu watu walikuwa wanakitegemea na kumsahau Mungu. Ibn Maimun hakuivumilia tafsiri hiyo. Mwenye njaa akila mkate njaa ikaisha, aliuliza, tuseme ameacha kumtegemea Mungu? Amshukuru Mungu kwa mkate, na amshukuru vilevile kwa dawa. Hoja hiyo haihitaji mkalimani Maswa wala Meatu. Hakuna anayeuona ugali kuwa matusi kwa Mungu.

Kwa Waislamu, jibu la kama dawa inaruhusiwa lilitolewa mapema: Mtume aliulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, akawaambia wajitibu. Mvutano uko kwenye funga. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin wa Saudia waliona pampu haiharibu funga, kwa kuwa kinachovutwa ni hewa yenye dawa inayokwenda mapafuni, si chakula wala kinywaji; wanazuoni wengi wa Kihanafi wanaona inaharibu, kwa kuwa kitu chenye umbo kimeingia mwilini kwa kusudi. Mwenye pumu wa Bariadi amfuate shehe anayemwamini. Ila hakuna upande unaomtaka abanwe hadi azimie, maana mgonjwa ana ruhusa ya Kurani kufungua na kulipa siku nyingine. Na pampu ile ya kila siku, kwa wanaovuta mara mbili, inaingia vizuri kabisa kwenye futari na daku.

Hapo kwenye "ile ya kila siku" ndipo penye uzito, maana pampu si moja.

Inayojulikana zaidi huwa ya bluu: salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Inalegeza misuli inayobana njia za hewa. Ndani ya dakika chache mtu anapumua, na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Ya pili, mara nyingi kahawia, ni beklometasoni, steroidi ya kuvuta iliyoingia sokoni mwaka 1972. Hii haifungui kifua papo hapo. Inatuliza uvimbe wa ndani polepole, kwa siku na wiki, na mtumiaji anatakiwa kusukutua mdomo baada ya kuvuta ili asipate fangasi. Ya tatu inachanganya budesonidi na formoteroli kwenye kopo moja. Formoteroli inafungua kifua haraka karibu sawa na salbutamoli lakini hudumu takriban saa 12, kwa hiyo kopo hilo linaweza kuwa kinga na msaada wa dharura kwa pamoja. Si kila mchanganyiko una sifa hiyo: wenye salmeteroli huchelewa kufanya kazi, na hautumiki kuokoa mtu aliyebanwa.

Kwa miaka 50 hivi, mwenye pumu nyepesi alipewa ya bluu na kuambiwa aivute akibanwa. Mwaka 2019, GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, liligeuza meza: mtu mzima asitibiwe kwa ya bluu peke yake. Ya bluu haigusi uvimbe. Inampa mtu nafuu anayoihisi, huku moto ukiwaka chini ya majivu.

Ukitazama vizuri, ya bluu na ibada ya uponyaji vina jambo moja la kufanana, ingawa wenye navyo hawatapenda kuambiwa: vyote hutoa ishara papo hapo, na binadamu hupenda ishara. Ya kahawia haina ushuhuda wa kutoa. Unaivuta ukiwa mzima, husikii chochote, na kazi yake yote ni shambulio ambalo halikutokea. Nani atasimama kanisani kushuhudia usiku ambao hakuna kilichotokea? Kama kuna pampu inayodai imani, yaani kushikilia jambo usiloliona, ni hii. Mkulima wa pamba analielewa hili kwa mikono yake. Anaomba mvua kwa Mungu, na wakati huohuo anachoma miti ya pamba wakati hakuna funza hata mmoja anayeonekana shambani. Hajawahi kuambiwa kwamba kuchoma huko ni kumkosea Mungu imani. (Kwamba moshi wake unambana jirani mwenye pumu ni kesi nyingine, na si ndogo.)

Moshi una kesi kubwa zaidi Usukumani. Jikoni, kuni zikiadimika, hupikwa kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi uleule unaobana kifua cha mkwe hufanya macho ya bibi yawe mekundu. Anayetafuta "nani kanifanya hivi" badala ya "nini kimenifanya hivi" ameshawahi kuyaona macho hayo na kuyaita ushahidi wa uchawi. Wanawake wazee wameuawa kanda hii kwa ushahidi wa namna hiyo. Kuuliza sababu si jambo dogo, na jibu ovu lina gharama.

Wapo pia wanaoikwepa pampu bila hoja yoyote ya dini. Wanasema ni kali, ukianza hutaacha, ni ya walioshindikana, afadhali vidonge. Hesabu ni rahisi: kidonge kimoja cha salbutamoli cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya maikrogramu 100, nayo inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo kwenda mbio. Anayeshindwa kuoanisha mpulizo na pumzi anaweza kutumia chemba, chombo kinachopokea mpulizo kabla ya kuuvuta. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa vizuri ilifanya kazi sawa na ya dukani.

Kopo la bluu kwa kawaida lina mipulizo 200. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na anayefikia 12 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Basi ombi kwa wachungaji, mashehe na wazee wa kanisa wa Simiyu: mwenye pumu akisimama kushuhudia, mwacheni ashuhudie. Ibada ikiisha, mwiteni pembeni mumuulize amemaliza makopo mangapi ya bluu tangu Januari, na mumwambie asiiache ya kinga mpaka daktari wake aseme.