Mwenye Mchezo na Mchezaji

Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Mchezo wa kompyuta unaye. Hapo ndipo haki hutatanika. Oktoba 2019, Ng Wai Chung wa Hong Kong, mchezaji wa karata za Hearthstone, alitamka katika mahojiano, barakoa usoni, maneno ya kutaka mji wake ukombolewe. Blizzard, kampuni ya Marekani yenye mchezo ule, ilimnyima zawadi, ikamfungia mwaka mzima. Watu walipolalamika, ilimrudishia fedha na kupunguza kifungo kuwa miezi 6. Kanuni alikuwa amezikubali, ni kweli. Lakini mwenye kiu ya kucheza atakataaje, na mlango ni mmoja? Mtunga sheria, mshitaki na hakimu walikuwa yeye yule, tena mfanya biashara. Hata nafuu ile ilikuwa hisani yake, si hukumu ya baraza jingine.