Mifupa Mizima, Mtoto Hawezi Kusimama



Katika sura ya pili ya Injili yake, Marko anasimulia habari za mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne kule Kapernaumu. Wengi wetu tumeifundisha habari hii katika Shule ya Jumapili, na watoto hupenda hasa pale dari inapobomolewa. Safari hii tunaomba muwatazame wale wanne wangali njiani. Marko hasemi kwamba walimtaka mgonjwa athibitishe ugonjwa wake. Walimwona hawezi kwenda, wakambeba.

Sisi hatukufanya hivyo. Mwaka 1988 tulikuwa tukifundisha katika shule ya mazoezi ya chuo cha ualimu. Mtoto wa darasa la tatu alianguka kutoka juu ya mwembe. Akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya eksirei, mifupa ikaonekana mizima yote, akarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi alisema miguu yake inakufa ganzi. Tukamwambia asituletee uvivu, asimame mstarini kama wenzake. Akasimama kidogo, akaanguka. Hata hapo wako waliosema anajifanya, kwa kuwa picha haikuonyesha kitu. Na wengine, Wakristo waliobatizwa, wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Kumbe madaktari walikwisha kuyajua mambo haya. Mwaka 1982 Pang na Wilberger, wa Pittsburgh huko Marekani, waliandika juu ya watoto walioumia ugwe wa uti wa mgongo bila eksirei kuonyesha mfupa uliovunjika wala ulioteguka. Eksirei huonyesha mifupa. Ule ugwe laini wa fahamu upitao ndani yake hauonyeshi. Kano za shingo ya mtoto hunyumbuka sana. Akianguka, mifupa yaweza kuvutika kisha ikarudi mahali pake, lakini ugwe hauwezi kuvutika kiasi kile, nao huumia. Tena kwa baadhi ya watoto udhaifu hauji saa ile ile. Huja baada ya saa kadhaa, au hata siku ya nne. Kwa hiyo mtoto aliyeanguka akilalamika ganzi, au kwamba mikono inawaka moto, asiinuliwe ovyo. Shingo yake itulizwe, arudishwe hospitali. Siku hizi kipimo cha MRI huweza kuuonyesha ugwe wenyewe.

Kupona hutegemea ugwe umeumia kiasi gani. Aliyebakiwa na hisi au nguvu kidogo ana tumaini kubwa zaidi. Ambaye umeharibika kabisa, mara nyingi hubaki katika kiti cha magurudumu. Tumewahi kuwasikia wagonjwa wa namna hii wakiambiwa kwamba wangekuwa na imani wangetembea. Maneno hayo yanatuchukiza. Isomeni tena habari ya Marko: imani anayoitaja kwamba Bwana Yesu aliiona ni ya wale waliobeba.

Mtoto yule alivaa kola ya shingo kwa majuma mengi. Mama yake alimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda, akamkunja na kumkunjua magoti kama alivyoelekezwa hospitalini. Wanachuo wakapokezana kumbeba kwenda chooni, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuisifia kanisani. Vidole vya mguu wa kulia ndivyo vilivyoanza kucheza kwanza. Mwaka uliofuata alitembea kwa fimbo, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo.

Tulikwenda kwao kumwomba radhi alipokuwa angali kitandani, mtu mzima mbele ya mtoto wa miaka tisa, na tulikuwa tumejiandalia maneno mengi njiani. Alitupa shikamoo. Kisha, kabla hatujafungua kinywa, akauliza kama tumemletea daftari lake la hesabu, maana wenzake walikuwa wamekwisha kufika kwenye sehemu.