Kipande cha Babu na Mawe ya Gilgali



Babu alipofariki, tulikuta kipande kwenye sanduku lake. Namaanisha ile kadi ya kazi ya wakati wa mkoloni, yenye vijumba vya siku 30, kila siku uliyomaliza kazi unawekewa alama. Babu alikuwa manamba kwenye mkonge, huku Korogwe. Jina lenyewe linatokana na namba, maana ndivyo walivyohesabiwa. Nikamuuliza shangazi: babu alitokaje kwao? Alikuja na nani? Mbona hakurudi? Akanijibu, "Mwanangu, hayo alikuwa anayajua mwenyewe."

Na mimi nilikuwa nimetoka kumaliza falsafa! Nilishaandika insha nzuri tu juu ya kitabu cha kumi cha Maungamo, Mt. Augustino anapoitembelea kumbukumbu yake kama mtu anayezunguka ghala kubwa. Ghala la babu lilikuwa chumba cha pili kila likizo, sikuwahi kubisha hodi.

Soma Yoshua sura ya 4. Waisraeli wamevuka Yordani, Mungu anaagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni. Angalia sababu: siku moja watoto watauliza yale mawe ni ya nini, na wazazi watawajibu. Mungu anataka vitu viwili, jiwe na simulizi. Jiwe lisilo na msimuliaji ni jiwe tu, kama kile kipande mkononi mwangu. Na simulizi isiyo na jiwe, nani ataiuliza?

Twende Handeni. Katika karne ya 19 njaa iliwakumba Wazigua, na wengi wakasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia, wakaishia utumwani. Baadhi walitoroka wakaishi bonde la mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Hawakuwa na makumbusho wala kitabu. Walikuwa na Kizigua chao, nyimbo, na wazee waliosema, "Sisi kwetu ni Uzigua." Vita ilipoivunja Somalia mwaka 1991, wengine wakapanda vyombo kuja Tanga. Walipokewa Handeni, kambi ya Mkuyu, baadaye wakahamia Chogo. Wakaongea na wenyeji, wakaelewana! Zaidi ya miaka mia na hamsini, na lugha bado ipo. Wengi wao ni Waislamu, na sisi tunaosali zaburi za wakimbizi wa Babeli tuna cha kujifunza kwao.

Sasa parokiani. Nimeona maonyesho ya jubilei sehemu kadhaa (sitaji wapi). Ukutani kuna picha za maaskofu na mapadre, vizuri kabisa. Lakini katekista aliyetembea kwa miguu kigango hadi kigango, akafundisha sala kabla padre hajafika, yuko wapi? Mama waliobeba mchanga wa kanisa kichwani je? Hawana picha. Wana wajukuu, ambao ni sisi, na tuna simu.

VIWAWA na TYCS, tunaweza kuanza jumuiyani. Meza moja nyuma ya kanisa baada ya Misa: rozari ya zamani, cheti cha ubatizo kilichochakaa, kisu cha kukatia mkonge, kipande. Pembeni ya kila kitu akae mzee mwenye nacho, na kijana wa kurekodi. Ila muombe ruhusa kwanza, na akisema hili lisitoke, lisitoke. Siyo kila machozi ya bibi ni ya kuweka status. Wazee wawili wakisimulia tofauti, andika yote mawili, usiwapatanishe kwa nguvu. Injili zenyewe ziko nne.

Likizo hii naenda kwa bibi. Anakumbuka kidogo, siku nyingine ananiita kwa jina la baba. Sitaanza na maswali. Nitamwekea kile kipande mapajani, ninyamaze.

Tuombe: Ee Mungu wa Abrahamu, wewe uliyemjua babu kwa jina pale alipoandikwa kwa namba, umpe raha ya milele. Utufumbulie masikio wajukuu zake kabla bibi hajalala. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.