Kukadiria Siku za Mgonjwa Si Kuingilia Kazi ya Mungu

Mgonjwa wa saratani ya mapafu akiuliza amebakiwa na muda gani, jibu lililozoeleka pwani ya Tanga ni kwamba Mungu ndiye ajuaye. Jibu hilo ni la kweli. Aya ya mwisho ya Surat Luqman yafundisha kuwa mtu hajui atafia ardhi gani, na wasomaji wa Isaya 38 wanamjua Hezekia, mfalme aliyetangaziwa kifo kisha akaongezewa miaka 15. Hata hivyo, kweli hiyo haimwondolei tabibu wajibu wa kukadiria. Kuijua saa ya mauti ni jambo moja. Kupima dalili na kusema huenda imebaki miezi, au wiki chache, ni jambo jingine. Mvuvi wa Pangani anayeona wingu zito akaghairi kutweka tanga hadai kuijua ghaibu. Anatumia akili aliyojaliwa.

Kadirio lahitajika kwa sababu tiba nayo hula siku. Saratani hii mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaenea, pengine baada ya kikohozi kutibiwa kama kifua kikuu. Kutoka Tanga hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni kilomita 350 hivi kwa barabara, na mgonjwa huhitaji mtu wa kumwuguza, nauli na fedha za malazi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1996 lililinganisha vikao 2 vya mionzi na vikao 13 kwa wagonjwa 509 wa saratani ya mapafu ambao bado walikuwa na nguvu. Nusu ya waliopata vikao 13 walivuka miezi 9, ilhali kwa wenzao ilikuwa miezi 7; lakini wa vikao 2 walipata nafuu haraka zaidi. Basi mwenye nguvu ana sababu ya kuvumilia tiba ndefu, na aliyebakiwa na wiki chache atazimalizia hospitalini akingoja faida asiyoifikia. Bila kukadiria, hatuwezi kumtofautisha huyu na yule.

Wapo wanaosema madaktari hukosea. Ni kweli: utafiti wa Christakis na Lamont wa mwaka 2000, uliofanyika Chicago kwa wagonjwa 468 waliokaribia mwisho, ulionyesha kuwa asilimia 20 tu ya makadirio yalikuwa sahihi, na asilimia 63 yalirefusha muda kupita kiasi. Lakini kosa hilo laelemea upande wa matumaini, kwa hiyo kunyamaza hakulirekebishi, hulizidisha. Dawa yake ni kutaja muda kwa upana badala ya tarehe, kutazama kama mgonjwa bado anatembea, anakula na kujiogesha, na kukadiria upya hali inapobadilika. Wengine wanahofu kuwa ukweli huua matumaini. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea: waliopewa mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso na kuzungumza wazi juu ya ugonjwa, walisononeka kidogo kuliko wenzao, wakapata tiba chache kali mwishoni, na bado nusu yao walivuka miezi 11.6, ilhali kwa wenzao ilikuwa miezi 8.9. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba kadirio laweza kugeuzwa kisingizio cha kumtupa maskini: huyu hana siku, mrudisheni nyumbani. Hapo sina suluhu na mtu. Kadirio huamua aina ya huduma, kamwe haliamui kama huduma itolewe. Muheza imeonyesha njia, kwa kuwa huduma ya hospisi iliyoanzia Hospitali Teule ilipeleka faraja na dawa za maumivu hadi majumbani. Wala ndugu wasimfiche mgonjwa kwa huruma. Aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, kisha aheshimiwe. Deni la kulipa, usia wa theluthi ya mali, mtu wa kuombwa radhi: yote haya dini huyahimiza, na yote yanahitaji muda unaofahamika kuwa ni mfupi. Masheikh na mapadri watangaze wazi kwamba kuuliza si upungufu wa imani, na daktari anayejibu kwa ukweli na upole anamsaidia mja kutimiza haki za Mola wake na za watu.