Mnyama wa Msamaria na Motakaa ya Viti Viwili

Somo: Luka 10:25-37



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, lisilofaa kunenwa katika gazeti la kanisa. Ni habari ya motakaa. Lakini mambo ya moyo mara nyingi huingia kwa mlango mdogo, nasi tuliopewa kazi ya uchungaji haitupasi kulinda mlango mkubwa tu.

Mzee mmoja wa usharika wetu alitujia jioni moja. Hatutamtaja jina, naye ametupa ruhusa kuyaandika haya. Yeye anayo Toyota Noah, motakaa ya viti vinane. Jina lake ni jina la mzee wetu Nuhu, nayo kweli imekuwa safina ya mtaa wetu. Hata hesabu ya viti vyake ni sawasawa na hesabu ya watu waliookoka katika safina ile ya kwanza, kama tusomavyo katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3.

Basi mzee huyo akatuonyesha picha katika simu yake. Ilikuwa motakaa ndogo ya Honda, iitwayo S660, iliyotengenezwa Japani tangu mwaka 2015 hata mwaka 2022. Ni fupi mno. Kutoka chini hata paani ni sentimeta 118, yaani mtu mzima akisimama kando yake, paa halimfiki kifuani. Ina viti viwili tu. Paa lake ni la kitambaa, hukunjwa na kuwekwa mbele, na likiisha kuwekwa pale, mahali pa mzigo hapana tena. Usukani wake uko kuume kama wa motakaa zetu, maana Wajapani nao hupita kushoto barabarani.

Akatuambia, “Mchungaji, watoto wangu wote wamekwisha kuoa na kuolewa. Mimi na mke wangu tumebaki wawili, kama siku ya arusi yetu. Miaka 14 naiendesha motakaa hii kwa sababu yafaa. Nyumba niliijenga kwa sababu yafaa. Ng’ombe nilimnunua kwa sababu afaa. Sijapata kununua kitu hata kimoja kwa sababu ni kizuri. Je! nikiiuza hii na kuiagiza ile, nitakuwa nimetenda dhambi?”

Twaungama mbele yenu ya kwamba tulijibu upesi mno. Tulimwambia ya kuwa mzee wa kanisa na motakaa ya vijana havipatani, tena ya kuwa fedha ile ingeweza kuezeka chumba cha watoto wa Shule ya Jumapili. Akanyamaza, akaaga, akaenda zake. Nasi tukakaa tukijiona tumefanya kazi njema. Lakini usiku usingizi ulitukimbia, maana tulikumbuka ni nani aliyenena kwanza maneno ya namna hiyo. Someni Yohana, sura ya 12. Mariamu alipoimwaga marhamu ya thamani miguuni pa Bwana, yuko mtu aliyeuliza kwa nini haikuuzwa wakapewa maskini. Naye alikuwa Yuda. Hatusemi ya kwamba marhamu ile na motakaa hii ni mamoja. Ile ilimwagwa kwa ajili ya Bwana, hii itakaliwa na mwenyewe. Lakini twajifunza ya kuwa kinywa chaweza kuwataja maskini, huku moyo wahesabu tu fedha zilizo mfukoni mwa mwenzake. Kwa hiyo tulilichukua neno lile upya, nasi twawapa ninyi yale tuliyoyaona.

Kwanza, kitu chenyewe si kiovu. Tusiseme ya kuwa chuma kina dhambi. Injini ya motakaa ile ni ndogo, haifiki hata robo tatu ya lita moja, lakini ina nguvu za farasi 64 kwa sababu imefungwa kile chombo ambacho mafundi wetu hukiita tabo. Aliyekibuni ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake huko Ujerumani mwaka 1905. Kazi yake ni hii: moshi utokao katika injini, ambao zamani ulitupwa bure, huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, gurudumu hilo huzungusha jingine, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya injini, hata petroli ikawaka kwa nguvu zaidi. Gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mtu akiyafikiri hayo bila kumshukuru Mungu, moyo wake umelala. Katika Kutoka, sura ya 31, twasoma ya kuwa Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu apate kuwa fundi wa dhahabu na shaba na miti. Tena mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya matajiri, hakusema tu wasiutumainie utajiri; alisema pia ya kuwa Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvifurahie. Basi mtu aliyefanya kazi miaka mingi, akatoa zaka yake, akasomesha watoto wake, akatamani mara moja kufurahia kitu kizuri pamoja na mke wa ujana wake, asiambiwe ya kuwa furaha hiyo ni ya shetani.

Pili, ijapokuwa kitu si kiovu, moyo hauna budi kupimwa. Tulirudi kwa mzee wetu, tukamwomba radhi, tukamwuliza maneno matatu.

Neno la kwanza ni la gharama. Bwana wetu alisema habari ya mtu ajengaye mnara, ya kuwa huketi kwanza na kuhesabu. Bei isomwayo katika simu siyo bei yenyewe. Iko nauli ya meli hata Dar es Salaam, uko ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani; tena motakaa yenye umri mkubwa huongezewa ushuru kwa ajili ya uzee wake. Baadaye yako mafuta ya injini, ambayo tabo haivumilii yakichelewa kubadilishwa, kwa kuwa mhimili uzungukao upesi vile hulindwa na utando mwembamba wa mafuta tu. Tena iko njia yetu ya kupanda mlimani, ambayo wakati wa masika hata motakaa ndefu za miguu hulala matopeni. Anayenunua na asihesabu, hanunui furaha, anunua deni.

Neno la pili ni la macho ya watu. Mwaka 1973, katika maonyesho ya Frankfurt, kampuni ya BMW ilileta motakaa yenye tabo, iliyoitwa 2002 Turbo. Mbele yake jina liliandikwa kinyumenyume. Kwa nini? Ili mwenye motakaa iliyotangulia, akitazama katika kioo chake, alisome sawasawa, apate kupisha. Watu wengi walichukizwa na maandiko yale, na mwaka uo huo petroli ikaadimika na kupanda bei ulimwenguni. Zikatengenezwa motakaa 1,672 tu, kisha basi. Ndugu zangu, maandiko yale ya kinyume hayakuandikwa kwa rangi tu, yameandikwa katika mioyo yetu pia. Absalomu alijiwekea gari na farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake, wala hakuwa na haja ya kusafiri, alitaka kuonekana. Basi tulimwuliza mzee wetu, “Ungeitaka motakaa ile kama ungeiendesha penye watu wasiokujua?” Akafikiri, akajibu, “Ningeitaka. Lakini siku ya kwanza ningepita sokoni.” Tulicheka wote, nasi tukamshukuru Mungu kwa jibu la kweli.

Neno la tatu ni la mwendo. Wengine hudhani ya kuwa amri ya tano ni ya wauaji wenye visu. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili, huzidi mara nne. Sheria ya nchi yetu yasema kilometa 50 kwa saa penye makao ya watu, na watoto wetu hutembea kandokando ya barabara wakienda shule. Anayekalia motakaa iliyoumbwa kwa mbio, na aombe apewe mguu mpole.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, liko neno la jirani. Sisi tulidhani ya kuwa tumelipata jibu katika somo letu. Tazameni, Msamaria alikuwa na mnyama mmoja, na juu ya mnyama yule palikuwa na mahali pa mtu mmoja. Hakuwa na viti vinane. Alipomwona yule aliyejeruhiwa, alishuka, akampandisha, naye mwenyewe akaenda kwa miguu hata nyumba ya wageni. Kumbe upendo hauhesabiwi kwa wingi wa viti. Huhesabiwa kwa mwenyewe kukubali kushuka. Kuhani na Mlawi, kama wangalikuwa na magari ya farasi sita, wangalipita vivyo hivyo. Tukamwambia mzee wetu hayo kwa furaha, ya kuwa hata mwenye viti viwili aweza kuwa jirani.

Naye akatutazama kwa upole, akasema, “Ni kweli, Mchungaji. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa haendi peke yake. Huja na mama yake, na mwenye kumshika mkono. Tena katika kiti kile cha chini hawezi kuketi.”

Hapo hatukuwa na jibu. Tulikumbuka usiku mmoja wa masika, mvua ikinyesha, tulipoupiga mlango wake saa nane kwa ajili ya binti mmoja wa usharika. Aliamka, akavaa koti, akashuka nasi hata hospitali, matope yakifika nusu ya matairi. Mtoto alizaliwa salama, na mwaka huu yumo katika darasa la kwanza. Kulipokucha tulimkuta mzee yule uani akisafisha viti kwa ndoo ya maji, peke yake. Hakuna aliyemwuliza habari ya petroli. Sisi nasi hatukuuliza.

Basi, ndugu, mzee huyu alikuja kuuliza kama yeye atenda dhambi, nasi tulipoitafuta dhambi hiyo tuliiona nyumbani mwetu. Tulihesabu motakaa zilalazo usiku katika mtaa wetu, ni tisa. Kwa nini mlango upigwao ni mmoja? Ni kwa sababu huo ndio ufunguliwao. Tumemfanya ndugu mmoja kuwa punda wa usharika, naye punda akiinua kichwa kutazama jua mara moja, twasema ya kuwa ana kiburi. Martin Luther alifundisha mwaka 1520 ya kuwa Mkristo kwa imani ni mtu huru, asiyetawaliwa na mtu, na kwa upendo ni mtumishi wa wote. Sisi tuliigawanya habari hiyo: uhuru tukajipa sisi wanane, utumishi tukamwachia yeye mmoja.

Tuliyapeleka maneno haya mbele ya baraza la wazee. Palikuwa na kimya kirefu. Kisha wazee wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, wenye motakaa zote tisa wataombwa kushika zamu ya usiku, kila mmoja juma lake, na majina yatabandikwa mlangoni pa kanisa. La pili, kutakuwa na sanduku la petroli ya wagonjwa, ili mwenye kusaidia asiadhibiwe kwa kusaidia kwake. Hata leo tunapoandika, wanne wamekwisha kukubali. Watano twawangoja.

Je! mzee wetu atainunua motakaa ile? Hatujui, wala hatutamwamulia. Asema ya kuwa atangoja masika yapite, aone kama zamu yashikwa kweli. Watu wa zamu wasipoamka, hataiuza safina yake. Na sisi hatutamsifu kwa jambo hilo, tutaona haya. Lakini wakiamka, naye akaiagiza ile ndogo, akapita sokoni na mke wake, paa likiwa limekunjwa na jua la Bwana likiwaangaza, pasiwe na mtu wa usharika huu atakayenung’unika. Mwenye kutaka kunung’unika na atazame kwanza mlangoni pa kanisa kama jina lake limo.

Kila mmoja wetu anacho kiti anachokikalia: kwa mmoja ni motakaa, kwa mwingine baiskeli, kwa mwingine kigoda kando ya moto. Bwana haulizi kimenunuliwa wapi. Auliza kama, jirani yako akilala njiani, utashuka.

Ee Bwana, wewe uliyeshuka kutoka enzini mwako ukatuchukua sisi tuliojeruhiwa, utufundishe kufurahia vipaji vyako bila kiburi, na kuyachukua mazigo ya wenzetu bila kumwachia mtu mmoja. Amina.